Samburu, Buffalo Springs au Shaba? Wikendi moja kando ya Ewaso Ng'iro

Mtu akikuambia "twende Samburu wikendi hii", muulize kwanza anamaanisha Samburu ipi. Jina hilo limezoea kubeba hifadhi tatu zinazokaribiana kaskazini mwa Kenya. Samburu yenyewe iko ukingo wa kaskazini wa mto Ewaso Ng'iro, katika kaunti ya Samburu. Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, ni Buffalo Springs. Ukivuka barabara kuu iendayo Moyale, upande wa mashariki, unakuta Shaba. Hizi mbili za mwisho ni za kaunti ya Isiolo. Samburu ina kilomita za mraba 165, Buffalo Springs 131, Shaba 239. Mbele ya mbuga kubwa ya Tsavo hivi ni vipande tu, na ndiyo maana watu hudhani watazimaliza zote tatu kati ya Ijumaa na Jumapili. Kuzipita zote kunawezekana. Kuziona ni jambo jingine, maana mnyama wa nchi kame huonekana na anayesubiri, na ratiba ya hifadhi tatu haiachi nafasi ya kusubiri.

Ushauri wangu: chagua moja ya kulala usiku zote mbili, nyingine uipe asubuhi moja, ya tatu iache kwa safari ijayo. Swali ni ipi iwe ya kulala, na jibu linategemea wewe ni nani na umekuja na gari gani.

Kitu kimoja tukiweke wazi kabla hatujaenda mbali. Anayeota matuta ya mchanga na ngamia kwenye upeo wa macho aende jangwa la Chalbi, na ajipe zaidi ya wikendi. Huku ni ukame wa aina nyingine: udongo mwekundu, mawe, vichaka vya miiba, na joto la mchana linalopita digrii 30 karibu mwaka mzima. Maji yanashuka kutoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua, yanapita hapa, kisha yanaelekea mashariki kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Bila mto huu pasingekuwa na hifadhi hata moja ya kulinganisha.

Njia haina mengi ya kusimulia. Ukitoka Nairobi alfajiri kupitia Karatina, Nanyuki na Timau, ni mwendo wa saa tano hadi sita. Baada ya Timau barabara inateremka: nyuma yako mashamba ya ngano na sweta, mbele yako tambarare ya kahawia isiyo na mwisho. Isiolo jaza tangi, nunua maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, na ukibahatika kupata nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo, iliyokaangwa vizuri, weka kwenye mkebe. Italiwa mbugani mchana wakati hakuna mtu mwenye hamu ya kupika. Kutoka hapo hadi mji mdogo wa Archers Post, ulio jirani na hifadhi, ni lami tupu, chini ya kilomita 40. Usijipange kufika usiku. Malango hufungwa jioni, na mgeni hana sababu ya kuendesha gari gizani upande huo.

Samburu: unalipia kivuli

Sifa kubwa ya Samburu ni ule ukanda wa miti kando ya mto. Migunga mirefu, mikoma yenye matawi yaliyogawanyika, majani mabichi mita chache kutoka mahali ambapo kila kitu kimekauka. Jua likipanda, wanyama wanateremka kwenye ukanda huo, na wewe unawafuata. Kwa anayekuja mara ya kwanza hakuna mahali rahisi zaidi, maana njia ya kando ya mto ikifuatwa polepole asubuhi inaweza kukupa tembo, twiga, mamba na nyani kabla ya chai.

Tembo ndio hasa wa kuja kuwaona. Shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka 1993 na Iain Douglas-Hamilton, lina kambi ya utafiti ndani ya hifadhi, na watafiti wake wamewafuatilia tembo hawa kwa miaka mingi, mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo. Matokeo yake kwa mgeni ni kwamba tembo wengi wa hapa wamezoea magari. Zima injini, tulia, na familia nzima itakupita karibu kiasi cha kusikia wakitafuna.

Wakati wa kiangazi kikali, mto ukipungua na kuacha mchanga mtupu, tafuta mahali ambapo jike kubwa limesimama peke yake katikati ya mkondo. Litaanza kuparuza mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, kisha litoe mchanga kwa mkonga na kuumwaga pembeni. Shimo likifika kina cha kutosha, linasubiri. Maji yanachuruzika kutoka chini, machafu kwanza; mara nyingine hayo huyavuta na kuyamwaga nje, na kungoja mengine yaliyo safi. Watoto husogea na kusukumwa nyuma. Tembo wakiondoka, wanakuja nyani, kanga, hata punda milia, kunywa kwenye kisima ambacho hawakukichimba. Jambo lote huchukua zaidi ya nusu saa, na magari mengi huondoka baada ya dakika tano.

Chui pia ni wa upande huu zaidi. Migunga ya mtoni ina matawi manene ya kulalia, na waongozaji wanajua ni miti ipi ya kukagua jioni. Simba wapo, ingawa usije kwa ajili yao. Simba maarufu kuliko wote wa Samburu alijulikana kwa kutokula: jike lililopewa jina Kamunyak, ambalo mwaka 2002 lilishangaza dunia kwa kuwachukua na kuwalinda ndama wa choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, mmoja baada ya mwingine. Mwisho wao haukuwa mzuri, lakini waongozaji wazee bado wanaisimulia hadithi hiyo, na ni ya kweli.

Ubaya wa Samburu ni watu. Agosti na Desemba, chui akionekana, redio za magari zinaitana na ndani ya robo saa utahesabu gari kumi zikigombania pembe ya kupigia picha. Dawa yake ni kuuacha mto. Geuza gari kuelekea kaskazini, kwenye tambarare za kuuzunguka mlima Koitogor. Miti inapungua, magari yanapotea, na hapo ndipo choroa na punda milia wa Grevy wanapopenda kukaa. Mchana ni tanuri, kwa hiyo nenda mapema.

Malazi ya kando ya mto ni mengi, kuanzia mahema ya bei ya kutisha hadi viwanja vya kupiga kambi kwa mwenye hema lake. Kwa wa hema: tumbili wa hapa wanafungua zipu. Chakula kikae ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Na msimu wa mvua uliza hema lako litakuwa umbali gani kutoka ukingoni. Machi 2010 mto ulifurika ghafla na kuzisomba kambi kadhaa, ile ya watafiti wa tembo ikiwemo. Mvua iliyoleta mafuriko hayo ilinyesha milimani, mbali na hapo, kwa hiyo usitegemee mawingu ya juu ya kichwa chako kukuonya.

Buffalo Springs: ya familia na ya mwenye gari lake

Wengi wanalala Buffalo Springs bila kujua. Ashnil Samburu, kwa mfano, ina jina la Samburu lakini iko Buffalo Springs, na Samburu Simba Lodge vilevile. Si udanganyifu, ni biashara tu, maana jina la Samburu ndilo linalouza. Ila linabadilisha hesabu yako: lango utakaloingilia, kaunti utakayoilipa, na upande wa mto utakaoamkia. Kabla hujaweka nafasi, angalia ramani.

Nchi ya huku ni wazi zaidi. Tambarare ni kubwa, njia nyingi ni nyoofu, na mnyama unamwona kutoka mbali. Kwa anayeendesha mwenyewe bila mwongozaji, huo ni msaada mkubwa, kwani kumtafuta chui ndani ya majani kunahitaji jicho lililozoea, lakini twiga akiwa kwenye uwanda mtupu hata mtoto wa miaka minne atamwona. Sitakudanganya kwamba Probox inafaa. Kiangazi watu wanaingia na magari madogo na kutoka salama, lakini mawe na makorongo hayana huruma, na gari lililoinuka ndilo la busara.

Halafu kuna zile chemchemi zenyewe. Katikati ya ukame, maji safi yanabubujika kutoka ardhini, na sehemu moja imejengewa ukuta wa mawe ikawa bwawa la kuogelea. Wenyeji husimulia kwamba shimo la bwawa hilo lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vyovyote iwavyo, kuingia kwenye maji yale ya baridi saa nane mchana, baada ya asubuhi nzima ya vumbi, ni raha ambayo Samburu na Shaba haziwezi kukupa kwa urahisi hivyo. Muulize askari wa hifadhi kwanza kama ni sawa kuingia, na usimwache mtoto peke yake ukingoni. Hii ni mbuga, wanyama nao wanayajua maji hayo.

Huku pia ndipo pazuri zaidi pa kuwafundisha watoto tofauti ya punda milia, kwa sababu unaweza kuwakuta wa aina zote mbili. Yule wa kawaida ana milia mipana inayofika hadi tumboni. Wa Grevy ni mkubwa zaidi, milia yake ni myembamba na imebanana, tumbo ni jeupe, na masikio ni makubwa ya mviringo. Porini wamebaki takriban 3,000 tu wa Grevy, na wengi wao wako Kenya. Mpe mtoto darubini na umwache abishane na ndugu yake ni yupi ni yupi. Saa nzima itapita bila mtu kuuliza tunafika lini.

Ninachokosa Buffalo Springs ni msisimko wa mto. Mto upo, ndio mpaka wake wa kaskazini, lakini hifadhi yenyewe haijajikunja kuuzunguka kama ng'ambo. Jioni moja ya huku inaweza kupita kimya kabisa. Kuna daraja la ndani linaloziunganisha hizi mbili, na likiwa wazi, kulala upande mmoja na kutembelea mwingine ni jambo la dakika. Mafuriko yamewahi kulisomba, kwa hiyo waulize wenyeji wako kabla ya kulipangia safari. Likifungwa, inabidi uzunguke kwa lami kupitia Archers Post, na hapo asubuhi inakatika.

Shaba: mawe, upepo na wewe

Shaba ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayowashauri watu wengi wasianze nayo.

Ukitokea Isiolo, njia panda yake iko upande wa kulia, kabla kidogo ya Archers Post. Wote wanaokata kushoto kwenda hifadhi zile mbili unaagana nao hapo. Ndani, nchi inabadilika: mlima Shaba, volkano ya zamani, umesimama juu ya mawe meusi ya lava yaliyomwagika huko na huko, na katikati yake nyasi za rangi ya simba. Chemchemi zipo hapa na pale, kila moja na kijani chake. Kaskazini, Ewaso Ng'iro inapita kwenye magenge, na maji yanasikika kabla hayajaonekana. Mwaka 2001 Wamarekani walikuja kurekodi hapa kipindi cha runinga cha watu wanaoshindana kuishi porini, na ukifika utaelewa kwa nini walipachagua.

Wanyama wapo, ila ni waoga. Gari ni kitu kigeni kwao kuliko kwa jamaa zao wa magharibi ya barabara, na choroa atakuona kilomita nzima mbele na kuondoka. Unaweza kuzunguka asubuhi yote na kurudi na swala twiga, dikidiki na ndege. Kwa mpenda ndege, hata hivyo, huo ni ushindi, maana kwenye tambarare za mawe za Shaba anapatikana kipozamataza wa Williams, ndege mdogo asiyeonekana popote duniani ila kaskazini mwa Kenya. Mwenye kutaka simba atakasirika.

Shaba pia ina historia nzito. Joy Adamson, yule mlezi wa simba Elsa, alikuwa akimlea chui hapa na kumzoesha maisha ya porini alipouawa tarehe 3 Januari 1980. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba. Uchunguzi ukaonyesha ni mkono wa mtu, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa. Mahali alipokuwa na kambi pana kambi ya kifahari sasa, Joy's Camp, na tembo na nyati huja kunywa kwenye chemchemi iliyo mbele yake. Bei yake ni ya harusi ya dhahabu, si ya wikendi ya kawaida.

Masharti ya Shaba nayasema bila kulegeza: gari la nguvu zote nne, tairi la akiba zaidi ya moja ukiweza, maji ya siku nzima, na askari wa hifadhi wa kukuongoza ukiwa hujawahi kuingia. Lava inachana tairi, na ukikwama unaweza kukaa saa nyingi bila kuona gari jingine. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka.

Wale watano, na unapowapata

Watu huja huku kwa ajili ya wanyama watano wa kaskazini: punda milia wa Grevy, twiga wa madoa ya wavu, choroa, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu, na swala twiga. Wote watano wapo kwenye hifadhi zote tatu. Tofauti ni urahisi. Kwa twiga, ukanda wa mto wa Samburu. Kwa mbuni na Grevy, tambarare za Buffalo Springs, au za Samburu mbali na mto. Choroa popote penye uwazi.

Swala twiga hahitaji hifadhi, anahitaji kichaka. Msimamie. Atazunguka mti mara moja, ainue miguu ya mbele, asimame wima kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati, na kuanza kuchuma majani madogo katikati ya miiba kwa midomo tu. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu, akisogea hatua ndogondogo pembeni bila kushuka. Maji ya kunywa si shida yake; mengi anayoyahitaji yamo kwenye majani hayo.

Kwa hiyo?

Mara ya kwanza, mkiwa wawili au kundi la marafiki: laleni Samburu kando ya mto, na Jumamosi asubuhi moja iwe ya tambarare za Koitogor. Shaba msiiguse.

Familia yenye watoto wadogo, gari lenu wenyewe: Buffalo Springs, bila kusita. Asubuhi fupi, bwawa mchana, mzunguko mfupi jioni. Kama daraja liko wazi, vukeni Samburu mara moja kwa ajili ya tembo.

Umeshakuja mara mbili na umechoshwa na foleni za chui: Shaba usiku zote mbili. Na kama mfuko hauruhusu kulala humo, lala Archers Post au Buffalo Springs, uingie Shaba lango linapofunguliwa.

Wazee wasiopenda kurushwarushwa garini wapelekeni Samburu, penye veranda inayoangalia mto. Wanyama watawajia wenyewe.

Kuna wanaouliza kuhusu Ololokwe, ule mlima wa kilele bapa unaoonekana kutoka barabarani kaskazini ya Archers Post. Ni mzuri mno, na kupanda na mwongozaji wa Kisamburu kunachukua saa kadhaa za jasho. Lakini huo ni mpango wa siku nzima, na ukiuingiza kwenye wikendi ya mbugani utaharibu vyote viwili. Vivyo hivyo kituo cha Reteti, wanakolelewa ndama yatima wa tembo tangu 2016: kinataka nafasi iliyowekwa mapema na safari ya ziada. Kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa na wanawake wa Kisamburu mwaka 1990, kiko jirani na Archers Post na hakihitaji zaidi ya saa moja. Ushanga wao nunua hapo hapo kwa waliotengeneza.

Kuhusu majira, Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya kuwaona wanyama mtoni. Mvua za Aprili na Novemba hugeuza nchi kuwa ya kijani ndani ya siku chache, ndege wanaongezeka na bei za malazi zinashuka, ila wanyama hutawanyika na njia za udongo mweusi hunasa magari.

Malipo ni jambo linalowachanganya wengi langoni. Hifadhi hizi ni za kaunti, si za KWS, shirika la wanyamapori la taifa, kwa hiyo tiketi au kadi ya KWS haina kazi hapa. Beba kitambulisho upate bei ya mwananchi, na uliza kabla ya kulipa kama tiketi ya Samburu itakubaliwa ng'ambo ya mto siku hiyo hiyo, na inaisha saa ngapi. Ukiingia alasiri saa kumi na tiketi ni ya saa ishirini na nne, una asubuhi nzima ya kesho mkononi. Jumapili zungukia mto alfajiri, kunywa chai, na uwe umetoka langoni kufikia saa nne. Ukichelewa, utakutana na magari ya wikendi ya Nanyuki yote yakirudi Nairobi kwa wakati mmoja na wewe.